Kwani Nilikufa Lini? Mwongozo Kamili wa Kuandaa Maonyesho ya Picha za Watu Kisumu

Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria, pale ufuo wa Dunga alisimama mbele ya picha yake mwenyewe ndani ya fremu nyeusi, akaitazama kitambo, kisha akaniuliza, "Kwani nilikufa lini?" Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Ilinichukua muda kuelewa. Huku kwetu, kuanzia Kisumu hadi Siaya, Busia na Kakamega, picha kubwa ya mtu mmoja ndani ya fremu tunaiona wapi? Matangani. Inatangulia jeneza kutoka mochari, inasimamishwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na baada ya mazishi inarudi kutundikwa sebuleni, juu karibu na dari. Ukiwapanga watu ishirini walio hai ukutani, kila mmoja na fremu yake, bila kufikiria, umefungua ukumbi wa matanga.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandaa maonyesho ya picha za watu katika maisha yao halisi, akianza bila chochote hadi siku ya kung'oa misumari. Nitakuwa nikirudi kwenye swali la yule mama, kwa sababu karibu kila uamuzi utakaofanya, tangu lenzi hadi maandishi yaliyo chini ya picha, ama unamjibu ama unampuuza.

Kwanza, kundi dogo la watu

"Maisha ya Ziwa Victoria" si mada, ni ramani. "Wanawake wanaoanika omena kwenye ufuo mmoja" ni mada. Vivyo hivyo mafundi wa baiskeli wa Kondele, wazee waliofanya kazi reli, wauza mitumba wa Kibuye, au wafinyanzi wa kijiji kimoja. Kipimo changu ni kimoja tu: je, unaweza kurudi kwa watu hawa mara tano bila kuomba nauli ya mtu? Kama huwezi, punguza umbali au badilisha mada.

Kwa ukumbi wa kawaida, picha 20 hadi 24 zinatosha. Piga watu 35 hivi. Wengine watajitoa, wengine watahama, na nyingine zitakuwa picha mbaya, kosa likiwa lako.

Kalenda: anza na mwezi wa angani

Wapiga picha wageni hufika ufuoni wakati wowote na kushangaa kwa nini hakuna anayetaka kukaa. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hao huifuata taa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu hawakusanyiki vizuri, na wavuvi wengi hupumzika. Siku za giza, mama wa omena yuko mbioni tangu alfajiri: mashua zinaingia, bei inapigwa, nyavu za kuanikia zinatandazwa, na mawingu yanatazamwa kwa jicho moja. Ukimwambia "simama hapa kidogo mama," unamgharimu karai zima. Zile siku za mwezi mpevu ndizo siku zako za kuketi naye. Siku za giza nenda pia, lakini kamera ibaki begani. Saidia kubeba, tazama mkono upi unafanya nini.

Kuna jambo jingine. Kwa miaka mingi uvuvi wa omena umekuwa ukifungwa kati ya Aprili na Julai ili samaki wazaane. Miezi hiyo watu wana nafasi, ila mifuko imekauka na sura zimekauka vilevile. Ukiwapiga wakati huo pekee utaonyesha ukata tu na kuuita maisha yao. Gawa safari zako.

Mchana wa Kisumu, hasa msimu wa mvua ndefu, hugeuka dhoruba jioni. Piga asubuhi.

Mlango wa kuingilia na karatasi ya ridhaa

Ufuo una wenyewe. Anza na viongozi wa BMU, ile kamati inayosimamia ufuo, eleza unachotaka, wakupeleke kwa akina mama wakiwa pamoja ili kila mmoja asikie maneno yale yale. Sokoni, anza na mwenyekiti wa soko. Kijijini, mzee wa mtaa. Hii si adabu tu: siku mtu atakapozusha kwamba unauza picha zao ng'ambo, na mtu huyo huwa hakosi, kiongozi ndiye atakayekujibia.

Kisha ridhaa, na hapa tafadhali usifanye haraka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa taarifa zake binafsi, na kwa mtoto inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, kuna tofauti kubwa kati ya mtu kukubali kupigwa picha na mtu kukubali kutundikwa. Mimi hutumia karatasi ya ukurasa mmoja yenye maswali manne, kila moja na mahali pake pa sahihi au kidole gumba:

Je, nikupige picha? Je, picha hii iwekwe ukutani makumbusho, watu wasiokujua waione? Je, iwekwe gazetini au kwenye mtandao? Je, mtu akitaka kuinunua, iuzwe, na wewe upate sehemu gani?

Wengi hujibu ndiyo kwa mbili za kwanza na kusita kwa ya tatu. Wana sababu. Mama anaweza kutojali kuonekana na wanafunzi wa shule, ila hataki mkwewe aliye Nairobi amwone kwenye simu akiwa amefunga leso ya kazi. Andika jibu lake jinsi lilivyo. Mwisho wa karatasi weka sentensi hii: anaweza kubadilisha nia hadi siku fulani, bila kutoa sababu. Taja tarehe, iwe kabla ya kulipa uchapishaji. Baada ya hapo bado atatolewa ukutani akiomba, lakini hasara ni yako.

Mwandikie kwa lugha anayoisoma. Karatasi ya Kiingereza yenye sahihi ya mtu asiyesoma Kiingereza haina maana yoyote. Ni uchafu wa ofisini.

Je, umlipe? Watakuambia kulipa kunaharibu ukweli wa picha. Mimi naona kinachoharibu ni kuficha. Ukimtoa mtu kazini saa mbili, mfidie saa mbili, iandike, na umpe kila mmoja kiasi kile kile. Na kila mtu apate nakala yake ya picha, ya kushika mkononi. Picha ya simu haihesabiki.

Jina lake analolitaka

Nilikuwa nadhani hili ni jambo la dakika moja: jina nani, asante. Siku hizi ndilo linalonichukua muda mrefu kuliko yote.

Mwaka 1936, mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange alimpiga picha mama aliyekuwa na watoto wake kwenye kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California. Picha ile ikawa mojawapo ya picha zinazojulikana zaidi duniani, lakini Lange hakuwa ameandika jina la mama yule. Dunia ilikuja kulijua jina la Florence Owens Thompson mwaka 1978, miaka 42 baadaye, na yeye hakufurahia hata kidogo jinsi uso wake ulivyotumika. Upande wa pili wa kamera mambo yaliwahi kuwa vivyo hivyo: mwaka 1991 picha za Seydou Keïta, mwenye studio maarufu ya Bamako, ziliwekwa kwenye maonyesho New York zikiandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Mzee mwenyewe alikuwa hai, nyumbani kwake Mali.

Na sisi tumo kwenye hadithi hii. Picha nyingi za kale za watu wa Nyanza na Magharibi zilipelekwa Uingereza na maafisa wa kikoloni na wanaanthropolojia, watu wakiandikwa "Kavirondo", jina la kikoloni la watu wa sehemu hizi, basi. Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alipiga picha zake za Wajaluo mwaka 1936, na leo ziko Pitt Rivers Museum, Oxford. Mwaka 2007 nakala za picha za kale kutoka hifadhi hiyo zililetwa Nyanza kwa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, zikatazamwa na watu wa sehemu zile zile zilikopigwa. Fikiria kazi inayowakabili watu hao: kumtafuta babu kwa umbo la paji la uso, kwa sababu mtu aliyekuwa na kalamu siku ile hakuuliza.

Kwa hiyo uliza, na uulize vizuri. Mtu wa huku ana majina zaidi ya moja. Kuna la kitambulisho. Kuna la kuzaliwa, linalosema alizaliwa saa ngapi: Akinyi wa asubuhi, Achieng' wa jua la mchana, Atieno wa usiku, Akoth wa mvua. Kuna la mtoto, Mama fulani. Kuna la kwao, kwa maana mwanamke aliyeolewa bado huitwa nyar Alego au nyar Seme, yaani binti wa Alego au wa Seme, maisha yake yote, na wengine hulipenda kuliko yote. Muulize ni lipi liandikwe ukutani. Kisha mwandike mbele yake, umsomee, umwonyeshe. Achieng' ina alama yake ya juu. Ukiiacha umemwandika mtu mwingine. Kompyuta ya mchapishaji itaifuta alama hiyo yenyewe, kwa hiyo ikague tena mwishoni.

Asiyetaka jina litajwe, usimtungie la bandia. Andika kwamba ameomba jina lisiandikwe. Sentensi hiyo pekee inaonyesha kwamba aliulizwa.

Kupiga

Hili utaona nalipita haraka kuliko ulivyotarajia, kwa sababu mafunzo ya kamera yamejaa kila mahali. Nitasema ya huku tu.

Lenzi ya milimita 50 au 85, ukiwa umesimama hatua tatu nne kutoka kwake. Lenzi pana ya karibu inavimbisha pua na kupunguza masikio. Mlango wa kibanda cha mabati ni studio nzuri: mtu aketi ndani hatua moja kutoka kizingitini, atazame nje, wewe uwe nje pembeni. Mwanga wa mlangoni unamfikia ukiwa laini na nyuma yake panabaki giza. Upande wa uso ulio na kivuli ukizidi kuwa mweusi, chukua kifuniko cha lile boksi jeupe jepesi la kubebea samaki wenye barafu, kiegemeze kwenye kiti upande huo. Kinarudisha mwanga kama kifaa cha maelfu ya shilingi. Kifute kwanza, harufu yake haisahauliki.

Ngozi nyeusi inahitaji umakini. Kamera hudhani kila kitu kina rangi ya kijivu cha kati. Ukipima mwanga kwenye uso mweusi pekee, itaung'arisha kupita kiasi na kuondoa ule utajiri wake. Ukimpiga mtu akiwa na ziwa linalometameta nyuma yake, itamfanya kivuli. Pima usoni, punguza kidogo, tazama picha, rekebisha. Na daima hifadhi faili ghafi, ile ya RAW, kwa kuwa marekebisho ya uso yanaihitaji.

Usimwambie atabasamu, na usimwambie asitabasamu. Watu wazima wengi wa huku wakiona kamera husimama wima, mikono ubavuni, uso mzito. Ndivyo walivyofundishwa kwamba picha ni jambo la heshima. Waandishi wa nje huona huzuni hapo. Piga hiyo kwanza, kwa sababu ndiyo aliyojiandalia. Kisha endeleeni na maongezi, upige nyingine mikono ikiwa na kazi. Mikono iliyoshika kitu haiko matangani.

Barua ya makumbusho

Iandike mapema, hata kabla ya kumaliza kupiga. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980 na yaliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, yana faida moja ambayo kumbi za hoteli hazina: watoto wa shule hufika hapo kwa mabasi. Wanakuja kuona nyoka, samaki wa ziwani, na boma la Ber-gi-dala, lile boma la mzee wa Kijaluo wa kufikirika lenye nyumba za wake zake watatu. Mimi hufurahia kuwatundika watu wa kweli hatua chache kutoka kwa boma la mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Nakuru kuna Hyrax Hill, na penginepo kuna maktaba na kumbi za kaunti. Utaratibu ni ule ule.

Barua ya kurasa mbili kwa msimamizi inatosha: unataka kuonyesha nini, picha ngapi na ukubwa gani, kwa wiki ngapi, nani analipia nini, na nani atakuwepo mgeni akiuliza swali. Ambatisha picha tano zilizochapishwa na nakala ya karatasi yako ya ridhaa. Kisha nenda mwenyewe na futi ya chuma, uulize maswali haya: ukuta ni wa nini, unaruhusiwa kutobolewa? Umeme ukikatika? Nani ana ufunguo? Paa linavuja wapi? Swali la mwisho muulize mfagiaji, ndiye anayejua.

Haki ya picha nayo iandikeni. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, picha hulindwa kwa miaka 50, lakini kazi uliyoagizwa na shirika inaweza kuhesabiwa kuwa mali ya aliyeagiza kama hamkukubaliana vingine. Wapiga picha wengi hulijua hili wakiona picha zao kwenye kalenda ya mtu.

Kuchagua, na watazamaji wa kwanza

Chapisha zote ndogo, kama kadi za posta, uzitandaze mezani. Usichague kwenye simu. Zipunguze hadi 40, zikae siku tatu, uzirudie. Mpe mtu asiye mpiga picha aziangalie na umtazame yeye macho yanasimama wapi.

Kisha rudi ufuoni na picha mbili tatu za kila mtu, mwenyewe achague. Najua wapiga picha watakaokasirika hapa. Mimi pia nilikuwa hivyo. Picha niliyoipenda kuliko zote ya mama mmoja ilikataliwa kwa sababu kamba ya shati la ndani ilionekana begani. Sikuwa nimeiona. Yeye hakuona kingine chochote. Wakati mwingine hutapenda alichochagua. Basi tetea yako kwa maneno mbele yake, na akikataa, imekataliwa. Siku hii ndiyo itakayoamua kama siku ya ufunguzi watakuja au la.

Kuchapisha na fremu

Hesabu kwanza. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ya vitone 6000 kwa 4000. Kwa vitone 200 kila inchi, hiyo ni sentimita 76 kwa 51, kwa hiyo karatasi ya A2, yenye sentimita 59 kwa 42, unaifikia bila wasiwasi. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupungua hadi kiasi cha vitone 1600 upande mrefu, yaani sentimita 20 tu kwa kipimo hicho. Peleka faili kwa flashi, mkononi.

Omba wino wa pigmenti, karatasi isiyong'aa. Karatasi ya kung'aa itamwonyesha mtazamaji dirisha na taa badala ya uso. Kabla ya kuchapisha zote, chapisha vipande vya majaribio vya nyuso tatu: mweusi tii, maji ya kunde, na aliye katikati. Mchapishaji mmoja aliwahi kunipa picha 18 ambazo watu wote walikuwa na rangi ya majivu. Mashine yake ilikuwa ikijisahihisha yenyewe, nami sikuwa nimeomba majaribio. Mwambie azime marekebisho yote, na vipande uvitazame nje kwenye kivuli cha mchana, usiviamini chini ya taa ya dukani.

Picha isiguse kioo, kamwe. Onyesho langu la kwanza nilibania picha moja kwa moja kwenye vioo ili kuokoa pesa. Mvua za Aprili zikaja, unyevu ukaingia, na nilipofungua fremu shavu la mzee mmoja lilibaki kwenye kioo. Weka kati yao kadibodi yenye dirisha, mafundi wa fremu huiita maunti, isiyo na asidi, yenye pembezoni za sentimita 6 au 7, chini ikizidi kidogo. Picha ishikiliwe kwa tepu isiyo na asidi upande wa juu peke yake, ili karatasi ipate kutanuka na kusinyaa. Nyuma ya fremu ziba kwa tepu ya karatasi, na pembe za chini bandika vifundo vya mpira ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta.

Na sasa matanga. Fremu za dhahabu zenye nakshi, acha. Nyeusi nene, acha. Mbao nyembamba ya rangi yake ya asili, kama ya mvule au msonobari uliopigwa vanishi hafifu, haimkumbushi mtu jeneza. Na zisiwe za saizi moja zote: changanya A3, A2 na ndogo mbili tatu za mikono, nyavu au karai. Mstari wa nyuso zinazolingana kama askari ndio uliomtia yule mama hofu.

Maelezo ya picha

Hii ndiyo mbaya: "Mwanamke wa Kijaluo akianika samaki, Ziwa Victoria." Hana jina, ziwa limepata jina.

Hii ni afadhali. Juu jina lake jinsi alivyolitaka, kwa herufi kubwa kidogo, kisha: "Anaanika omena Dunga tangu alipokuwa darasa la saba. Asubuhi ya picha hii mvua ilikuwa imemharibia makarai matatu na hakutaka maongezi. Anasema mtu akitaka kujua bei ya omena asitazame ziwa, atazame mbingu."

Angalia nyakati za vitenzi. Kiswahili chetu kinaweza kumuua mtu kwa silabi moja: "alikuwa muuza samaki" ni hotuba ya mazishi, "anauza samaki" ni mtu unayeweza kumkuta kesho. -Li- ya tukio la siku moja haina neno. -Li- ya kazi na tabia ifute. Vilevile mwaka wa kuzaliwa chini ya jina, ukiwa peke yake, unaonekana kusubiri mwenzake. Kama umri ni muhimu, uweke ndani ya sentensi.

Maneno 50 hadi 70 yanatosha. Herufi zisipungue pointi 20, maana wengi wa waliopigwa picha wana macho ya watu wazima. Weka lugha yake mwenyewe juu, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza. Watu wa Kisumu wataanza na Dholuo na kucheka mahali ambapo wengine hawacheki, ni sawa. Tafsiri isomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla ya kuchapishwa.

Kutundika

Chukua pimamaji, futi, uzi, penseli, drili na mtu mmoja asiye na haraka. Zipange fremu zote sakafuni kwanza, zikiegemea ukuta, ukizihamisha hadi utosheke.

Katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Mimi hushusha hadi 145 kwa sababu ya wanafunzi na walio kwenye viti vya magurudumu. Kupata mahali pa msumari: chukua 145, ongeza nusu ya urefu wa fremu, toa umbali kati ya ukingo wa juu na waya ukiwa umevutwa. Fremu ya sentimita 60 yenye waya uliovutwa sentimita 7 chini ya ukingo: 145 na 30 ni 175, toa 7, msumari uko 168. Usipige msumari mmoja. Piga miwili iliyoachana, fremu haitapinda kila malori yakipita.

Ukuta wa mita 10 utabeba fremu 12 za upana wa sentimita 50, zikiachana kwa sentimita 30, na kubakisha 35 kila mwisho. Usiujaze hivyo. Weka tisa, uache pumzi. Na usiweke meza yenye maua wala kitambaa cheupe chini ya picha yoyote, hata kama mdhamini ameleta maua. Hasa kama mdhamini ameleta maua.

Taa

Taa za LED kutoka juu, mwanga ukishuka kwa mwinamo wa takriban digrii 30 kutoka wima, ili kivuli cha mtazamaji kisimwangukie anayetazamwa. Picha za kale za karatasi zisizidi laksi 50, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia kitu. Chapa mpya za pigmenti zinaweza kuvumilia 150 hivi. Programu za simu hupima kwa kukadiria, si mbaya.

Ila tahadhari ya madirisha ni ya kwetu. Kisumu imekaa karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua huenda upande wa kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Dirisha la kaskazini ulilokagua mwezi Januari likawa na kivuli siku nzima, mwezi Juni linaweza kuchoma ukuta wako. Piga mahesabu ya miezi utakayokuwa hapo, au funga pazia tu.

Siku ya kufungua

Jumatatu hadi Jumamosi akina mama wako kazini. Uliza siku gani inawafaa, usiangalie siku inayomfaa mgeni wa heshima. Lipia matatu ya kuwaleta na kuwarudisha. Waingie saa moja kabla ya wengine, peke yao, na chai iwepo. Saa hiyo ni ya kelele: watasukumana, watachekana, mmoja atajifuta machozi, mwingine ataomba ajipige picha kwa simu akiwa kando ya picha yake. Mruhusu. Mtu aliyesimama kando ya picha yake mwenyewe akiiga mkao wake amemaliza mjadala wa matanga kwa wageni wote watakaoingia.

Hotuba zisizidi tatu. Mmoja wa wazungumzaji awe ametoka ukutani. Weka daftari la wageni lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Mmoja wao akifariki maonyesho yakiwa yanaendelea, na ikiwa watu ni 24 na wiki ni 12 hilo si jambo la ajabu, nenda kwa familia kwanza. Wengine wataomba picha itolewe, wengine watataka hiyo hiyo itangulie jeneza. Mimi nimewahi kuing'oa usiku na kuipeleka. Nafasi yake ukutani niliiacha wazi na maelezo yake yakabaki.

Kung'oa

Tenga siku mbili. Ziba matundu kwa rangi iliyobaki, uliyoiomba makumbusho mapema. Kila fremu kwa mwenyewe, kama mlivyoandikiana. Ziwekee katoni kwenye pembe, uzifunge mbili mbili, kioo kwa kioo, na gazeti katikati.

Wengi watataka kuondoka nazo siku hiyo hiyo kwa boda. Hakikisha kila fremu imefungwa kabisa ndani ya blanketi au katoni, uso usionekane. Mara ya mwisho mama mmoja alikataa kuifunga, akaipakata kifuani, uso wake ukiangalia mbele, kutoka makumbusho hadi Nyalenda. Njia nzima watu walimpisha na kumwambia pole, naye akawa anawajibu, "Ni mimi."